Mlevi wa Jumapili

Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi hapakuwa na binti Butembo nzima aliyetembea wima kama Jemima. Alipanda na kushuka vilima akiwa na kitunga cha ndizi mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso, namna wanawake wa Kinande walivyobeba tangu enzi za bibi zao. Shingo imekaza, macho mbele, miguu inajua inakokwenda. Pikipiki zilimpigia honi hadi zikachoka, naye hakuyumba. Lakini Jumapili ikifika, amevaa gauni lake la kwaya na hana mkononi hata mwavuli, ardhi ilimgeuka. Ilicheza chini yake kama ungo mikononi mwa mpepetaji. Akashika ukuta, akashika mti, akashika bega la mzee asiyemjua. Waliokuwa wakielekea ibadani walimpisha, kisha wakaanza kusema.

Walisema analewa. Hesabu yao ilikuwa rahisi, na mtu akitaka kumhukumu mwenzake hakosi hesabu. Jumamosi ni siku ya soko kubwa. Nyuma ya vibanda vya soko, kasiksi, ile pombe ya ndizi, haijawahi kukauka, hata vita vilipokausha kila kitu kingine. Binti anauza ndizi Jumamosi, Jumapili anapepesuka: hapo mtu anahitaji kusoma chuo gani? Jumatatu walimwona akipanda kilima na mzigo mzito, amenyooka kama mlingoti wa bendera, na hakuna aliyeona ajabu. Lisemwalo lipo, walisema, na waliosema hivyo ndio walewale waliolisema mara ya kwanza.

Ukweli ni kwamba mambo yalianza na malaria. Ilikuwa wakati wa vita vya pili, vile vilivyofunga barabara ya kwenda Beni, watu wa pande za Kalunguta wamekimbia mashamba yao na kurundikana Butembo, na familia ya Jemima ilikuwa miongoni mwao. Walipata chumba mlimani, karibu na kanisa. Kabla hawajazoea chumba, Jemima akashikwa na homa, akatundikiwa serumu, yaani dripu, yenye kwinini. Masikio yakalia kama nyuki, paa likazunguka, kitanda kikazunguka nalo. Hilo halikumshangaza mtu, maana kwinini ndivyo ilivyo. Baada ya siku chache homa ikaondoka, nyuki wakanyamaza. Kizunguzungu chenyewe kikabaki, kama mgeni aliyekwisha kula na kunawa lakini bado hajaaga.

“Quinine imebakia mu kichwa,” alisema mama yake, Rébecca. “Kunywa mayi mingi, itashuka.”

Jemima alikunywa maji mpaka tumbo likalia. Alikunywa maji ya sukari, maji ya ndimu, na maji ya majani fulani machungu ambayo mama yake alikataa kuyataja. Alitundikiwa serumu ya pili, ikamwongezea kukojoa tu. Kwinini, kama kweli ilikuwa kichwani, haikushuka.

Sasa mtu wa kumjua ni baba yake. Mzee Ananie alikuwa shemasi, mkulima mwenye mikono mipana, na adui wa pombe wa kutisha. Mdogo wake alimalizwa na kasiksi, akafa mtaroni, na tangu siku hiyo Ananie aliweza kunusa kibuyu kutoka mlima wa pili. Vilevile alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kusitasita kidogo. Neno lilimkwama kooni mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na wasikilizaji wenye haraka wakamalizia wenyewe, mara nyingi vibaya. Lakini akiimba au akiomba, maneno yalimtoka kama maji ya mlimani. Ndiyo maana kanisani hakuhubiri kamwe, ila aliomba, na watu walitoka mitaa ya mbali kuja kumsikia akiomba.

Uvumi ulipomfikia, hakumpiga mtoto wala hakumfokea. Kila Jumapili asubuhi alimsimamisha mlangoni.

“Fu-fungula kinywa.”

Jemima alifungua. Mzee aliinama, akanusa, akanusa tena, akatikisa kichwa kama mtu aliyepotelewa na mbuzi.

“Papa, mi hapana kunywa pombe. Tangu nizaliwe hapana.”

“A-alafu juu ya nini unaanguka?”

Kwa nini anaanguka, hata Jemima mwenyewe hakujua.

Pigo lilikuja Jumapili moja katikati ya ibada. Shemasi Ananie aliitwa kuomba, kanisa likafumba macho, naye akaanza vizuri kama kawaida yake: aliombea barabara, aliombea mashamba yaliyoachwa, aliombea amani. Kisha sauti yake ikashuka. “Ee Bwana, wewe unayeona mpaka ndani ya nyumba zetu, umutazame mutoto wangu Jemima. Pombe imemukamata. Mimi baba yake nimeshindwa. Umufungue, Bwana, kabla hajafika kule mudogo wangu alifika.” Hakukwama hata herufi moja. Na kanisa zima, lililompenda sana mzee huyo, likaitikia amina kwa nguvu ya kuezua mabati.

Jemima alikuwa mstari wa mbele wa kwaya, mahali ambapo kila jicho, likifumbuliwa, humwangukia yeye kwanza. Alihisi uso wake unawaka. Alimpenda baba yake, na alijua kwamba mzee amesema hivyo kwa uchungu, siyo kwa chuki. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Baraza la kanisa lilikaa wiki ileile. Ézéchias, kiongozi wa kwaya, mtu mrefu mwenye mikono inayopunga hata akiwa anakula, alijaribu kumtetea. Wimbo wao mpya aliutunga kwa ajili ya sauti ya Jemima, na makwaya ya wilaya nzima yalikuwa yakienda Beni kwa sikukuu kubwa, ya kwanza tangu barabara ifungwe. Wazee walimsikiliza kwa heshima, kisha wakaamua: Jemima asiongoze wimbo. Na akionekana tena amelewa, atatiwa chini ya nidhamu, asiimbe wala asikaribie meza ya Bwana.

Wimbo ulimuuma, sitasema uongo. Lakini alilotaka hasa lilikuwa moja: baba yake aseme kwamba hanywi. Angelisikia hilo, wengine wote wangeweza kusema mpaka ndimi zikauke.

Basi akaanza kujichunguza mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyejisumbua kufanya hivyo. Akagundua kwamba akiwa na kitunga mgongoni, ardhi inatulia. Akikitua, inaanza tena. Akifikiria miguu yake ndiyo balaa kabisa. Akisukumana na watu sokoni huku akibishana bei, hana habari nayo. Alipolipata hilo, akafanya jambo ambalo lilionekana la busara kwa usiku mmoja tu wa kulala nalo. Jumapili iliyofuata alijaza kitunga viazi vitamu, akapitisha kamba kwenye paji la uso, akaenda ibadani na gauni lake jeupe.

Alitembea vizuri ajabu. Alipita katikati ya waumini kama askari wa gwaride, akatua kitunga mlangoni, akajishikiza kwenye kiti cha karibu. Alidhani watashangilia. Kumbe kubeba mzigo wa soko siku ya Bwana ni kosa ambalo hata walevi hawajalifanya. Minong'ono ilianza kabla hajaketi. Mama mmoja mwenye moyo mwepesi alimwuliza kwa sauti ya chini viazi ni bei gani, naye akatazamwa vibaya na benchi nzima.

Nyumbani, baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejishika kichwa.

“Kumbe u-unaweza kutembea muzuri,” alisema. “Do-donc unacheza na sisi.”

Kwa donc hiyo moja, yaani ‘kwa hiyo’ ya Kifaransa, Jemima akapandishwa cheo, kutoka mlevi akawa mlevi na mwongo.

Siku ya safari ya Beni ilipofika, alitegemea kubaki nyumbani na mama yake. Ananie alikataa. “Ni-nikikuacha hapa, kasiksi itakumaliza,” alisema, na ikawa amekwenda, si kama mwimbaji bali kama mzigo wa baba yake. Rébecca alilikunja gauni la kwaya na kulisokomeza ndani ya furushi la binti yake.

Walisafiri ndani ya lori la Ramazani, Mwislamu wa Beni aliyebeba kila kitu katika barabara ile: chumvi, mabati, maharusi, na sasa Waprotestanti arobaini na ngoma zao. Kwaya iliimba tangu kilima cha kwanza. Ramazani alizijua nyimbo zote na aliitikia sauti ya nne, akisema kwamba Mungu atajua kutenganisha.

Njiani kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi, barrière ya bashoda kama wasemavyo watu wa huko, kamba yenye vitambaa vyekundu imekatizwa barabarani. Desturi ni abiria kushuka na kupita kwa miguu. Jemima alishuka mikono mitupu, akapiga hatua, barabara ikainama, akaenda nayo upande kwa upande mpaka akamkumbatia mwanajeshi mmoja kiunoni.

Mwanajeshi alimtazama kwa furaha. “Mwasi oyo alangwi,” aliwaambia wenzake kwa Kilingala, yaani huyu amelewa. Kisha akamgeukia dereva kwa matumaini makubwa. “Masanga wapi?”

Walitafuta hiyo masanga, hiyo pombe, lori zima. Walifungua mabegi, wakatikisa ngoma, wakanusa chupa ya mafuta ya kupaka. Ananie alisimama kando ya barabara, kichwa chini, na Jemima alitamani ardhi, badala ya kuyumba tu, ipasuke kabisa immeze.

Ramazani ndiye aliyemaliza mambo. Alikuwa amemtazama binti kwa makini, maana dereva huona njia na vilevile watu. Akashusha gunia dogo la maharage yake, akalifunga kamba.

“Mutoto wangu, unaweza kunisaidia na hii mupaka kule ngambo?”

Jemima alipitisha kamba kwenye paji la uso, akainuka, akavuka kizuizi amenyooka. Mwanajeshi alibaki na mdomo wazi, pombe hana na mlevi hana.

“Muzee Ananie,” Ramazani alisema walipokuwa wakipanda tena, “mi nabeba balevi tangu nikiwa kijana. Mulevi ukimuongezea muzigo, anaanguka pamoja na muzigo. Huyu, muzigo njo unamusimamisha. Ile haiko pombe. Muke wangu Hawa, mukono yake ilikuwa inatetemeka hata kijiko haishike, tukafikiri ni bachawi. Docteur Maliro wa pale Beni alimusaidia. Umupeleke mutoto kesho.”

Usiku huo Ananie aliomba kwa muda mrefu, na asubuhi alimwambia Jemima avae viatu.

Daktari Maliro alikuwa mwanamke mfupi aliyesomea Kisangani, mwenye kicheko kilichowatangulia wagonjwa mpaka kwenye baraza. Alimwacha Jemima aseme yote tangu homa, bila kumkatiza. Jemima alisema kwinini, akasema kitunga, akasema kunuswa mlangoni. “Alafu papa aliniombea mbele ya kanisa yote, anasema pombe imenikamata,” alimaliza. “Kanisa yote ikaitikia amina.” Ananie alitazama kofia yake.

Daktari alipima masikio, akapiga chuma kinacholia na kumwekea kwenye paji la uso, akamlaza ghafla huku amemgeuza kichwa, akamgonga magoti, akamfuatisha kidole kwa macho. Kisha akamwambia, “Tembea mupaka ku dirisha.”

Jemima alipepesuka vibaya. Mkono wa baba yake ulimfuata hewani.

“Muzuri. Sasa urudi, lakini kinyumenyume.”

Jemima alisita. Kinyumenyume? Akaanza kurudi nyuma, akifikiria kiti kilicho njiani, na akafika mezani bila kuyumba. Daktari akaja nyuma yake, akawa anamwandikia tarakimu mgongoni kwa kidole, naye azitaje huku anatembea. “Saba,” Jemima alisema. “Mbili. Hapana, tisa. Ine.” Alizunguka chumba kizima. Ilikuwa mara ya kwanza tangu malaria kutembea mikono mitupu bila kushika kitu, na alipoliona hilo alicheka, na daktari akacheka naye.

Ananie hakucheka. “Mu-munaona?” alisema. “A-anaweza. Donc anacheza na sisi.”

Daktari hakukasirika. Aliketi. “Papa Ananie, mbele ya kuendelea, utuombee kidogo.”

Mzee alishangaa, lakini shemasi haombwi mara mbili. Alisimama, akafumba macho. Aliombea wagonjwa na wauguzi, aliombea barabara ya Butembo, alimwombea Ramazani ingawa ni Mwislamu, alimwombea Jemima kwa jina lake, tena na tena, kwa sauti tamu iliyowafanya waliokuwa nje wavue kofia. “Amina,” akasema, akaketi.

“Aksanti. Sasa uniambie, huyu mutoto jina yake nani?”

“Ni Je-,” alisema Ananie. “Je-. Je-.” Mishipa ya shingo ikasimama. Jina halikutoka.

Daktari alingoja mpaka mzee mwenyewe akaacha. Kisha akasema, polepole, bila dhihaka, “Sasa hivi umelitaja muzuri kabisa. Donc unacheza na sisi?”

Jemima aliogopa kumtazama baba yake. Alipothubutu, aliona macho yake yamelowana.

“Ku shule,” Ananie alisema, “mwa-mwalimu alinipiga. Ka-kalamu ya mbao, ku vidole. A-alisema, huyu akiimba anaimba muzuri, do-donc anacheza na mi.” Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe.

“Kigugumizi na hii ya Jemima haiko ugonjwa moja,” alisema Maliro. “Lakini kwa kitu moja ni ndugu. Mutu kuweza saa hii na kushindwa saa ile haiko uongo. Angalia. Ile barrière mulipita jana, bashoda baliiweka juu ya nini?”

“Ju-juu ya adui.”

“Adui iko wapi?”

“A-alishaenda zamani.”

“Na barrière?”

“Iko.”

“Njo vile. Quinine ilizungusha Jemima kabisa-kabisa, ile ya kwanza ilitoka ku masikio. Ubongo ikaogopa, ikaweka barrière. Quinine ikaenda, barrière ikabakia. Sasa akitembea bure, ubongo inasimamisha kila mguu, inauliza unatoka wapi, unaenda wapi. Njo anazunguka. Akibeba kitunga, ubongo iko na kazi ingine, inasahau kukagua, miguu inapita. Kizunguzungu anayosikia ni ya kweli, haicheze hata kidogo. Sisi tunaita ile trouble fonctionnel. Mashini haikuvunjika. Namna ya kuitumikisha njo imepotea, na inaweza kurudi.”

Jemima alisikia maneno hayo yakimwingia kama uji wa moto siku ya baridi. Miezi yote hiyo alikuwa ameanza, kwa siri, kujiuliza kama labda kweli anajifanya. Machozi yalimtoka, akayaacha.

“Da-dawa?” aliuliza Ananie.

“Hapana serum, hapana sindano. Kila asubuhi, aimbe akigeuza kichwa, kuume, kushoto, hata ikizunguka. Atembee bila muzigo kidogo-kidogo, akifikiria wimbo, hapana miguu. Kitunga apunguze ndizi pole-pole. Ikikuja, Jemima, usiishike. Uiache ipite, haikuue. Siku zingine itarudi, ni kawaida.” Kisha akamnyooshea mzee kidole. “Na wewe, papa: hapana kumushika mukono, hapana kumuangalia miguu. Na hapana kumunusa.”

Walirudi kwa miguu. Jemima aliimba chinichini, akayumba, akaimba, akanyooka, akayumba tena. Ananie alitembea kando yake, mikono nyuma, mkono mmoja umeukamata mwingine usije ukatoroka kwenda kumshika mtoto. Hakusema neno juu ya hayo wakati wa chakula cha mchana, wala jioni. Jemima alijiambia kwamba mzee amesikia, lakini kusikia siyo kuamini, na tena kuamini siyo kusema. Alilala na swali lilelile.

Jumapili kanisa la Beni lilijaa mpaka madirishani. Makwaya yaliimba moja baada ya jingine, ya Oicha, ya Mangina, ya mtaani palepale, akina mama wakitupa vitenge chini vikanyagwe na waimbaji waliowapendeza. Ramazani na Hawa walisimama nje ya mlango wa pembeni, wakisema kwamba wanangojea abiria wao, huku miguu ya Hawa ikicheza. Jemima aliketi benchi la wageni. Alikuwa amevaa gauni la kwaya, hakujua kwa nini. Mbele yake Ézéchias alikuwa akimpangia sauti ya kuongoza binti mwingine, mtoto mzuri kabisa mwenye sauti ya jogoo aliyeshikwa na mafua, na uso wa Ézéchias ulikuwa wa mtu anayezika.

Zamu ya Butembo ilipofika, mchungaji alisimama. “Mbele ya kuimba, shemasi Ananie wa Butembo atatuombea,” alisema, na mnong'ono wa furaha ulipita, kwa maana sifa za maombi yake zilikuwa zimevuka vizuizi vyote. Kanisa likainamisha vichwa. Macho yote yakafumbwa.

Ananie alisimama mbele.

“Fu-,” alisema. “Fu-fungula macho.”

Watu walifikiri ni sehemu ya maombi. Wachache walifumbua jicho moja.

“Fungula macho. Si-siombi. Ni-ninasema na batu.”

Hakuna aliyewahi kumsikia shemasi Ananie akisema mbele ya watu. Waliotoka Butembo walitazamana. Mtoto mmoja alicheka, mama yake akamfinya.

“Ku kanisa yetu nili-niliomba Mungu, ninyi munasikia, nikasema mutoto wangu a-anakunywa pombe. Mungu alijua ile ni u-uongo. Ni ninyi ha-hamukujua. Do-donc leo hapana kusema na Mungu. Nasema na ninyi.” Jasho lilimtiririka. “Mutoto wangu. Je-. Je-.”

Jina lilikwama. Mzee mmoja wa baraza, kwa wema, alinong'ona, “Uimbe, muzee, uimbe.” Ézéchias, naye kwa wema, alianza kuvuma ule wimbo ambao Ananie aliupenda, ili maneno yapate njia ya kupita. Ananie aliinua mkono wake mpana, akamnyamazisha. Angeweza kuliimba jina hilo. Angeweza kuliomba. Alisimama palepale nalo kooni, mbele ya watu wa miji kadhaa, na akangoja. Mtu wa mbele alifungua kinywa kumalizia, na Jemima akanyoosha kiganja: mwacheni.

“Jemima,” alisema baba yake. “Jemima ha-hanywi. Haja-hajakunywa hata siku moja. Iko na ugonjwa, inaitwa trouble fonctionnel, a-anapona. Mi njo nilikosa. Ni-nilimunusa sawa mbwa, na mi baba yake.” Alivuta pumzi. “Njo ile tu.”

Kisha akatafuta kofia yake, akakumbuka kwamba yuko kanisani, akaketi.

Amina haikufaa. Ni Hawa, pale mlangoni, aliyepiga kigelegele, na kikashikwa na akina mama wa Beni, kikashikwa na wa Butembo, mpaka mchungaji akakata tamaa ya kuwatuliza. Mzee wa baraza aliyenong'ona alifuta miwani yake kwa tai, akamtazama Ézéchias, akamwinamishia kichwa mara moja, yaani Jemima aongoze.

Jemima alikuwa analia na kucheka. Alitaka kumkimbilia baba yake, akageuza kichwa kumtafuta, na hapo ndipo alipojiona. Alikuwa katikati ya kanisa, mbali na benchi lake. Alikuwa ameinuka jina lake lilipokwama, akatembea mpaka pale mkono mmoja umenyooshwa, na muda wote huo hakuwa na kitunga, wala ukuta, wala bega la mtu. Alipolitambua, sakafu ikajaribu: iliinama kidogo upande wa kushoto, kama kawaida yake. Akaiacha iende. Ézéchias alikuwa ameshainua mikono yake mirefu, anamngoja yeye, na Jemima akaanza kuimba huku bado anatembea.